Fomati haijafuta kitu, wacha kujidanganya

Ukipita soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili, pale kwa wauza rimoti na chaja za mtumba, unapata diski za kompyuta zimemwagwa juu ya gunia, ukiuliza zilikuwa za nani unaambiwa tu ziko sawa, zimefomatiwa. Sasa hiyo fomati ndiyo inanikera.

Ile ya haraka haigusi mafaili yako hata kidogo. Inatoa tu orodha ya kuonyesha faili gani iko wapi, vitu vyenyewe vinakaa palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuna fundi Kondele alichomeka diski moja ya aina hiyo, akawasha PhotoRec, programu ya bure kabisa, na picha zikaanza kumiminika, vitambulisho mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa, slipu za mshahara za walimu, picha za pasipoti za watoto wa shule. Hakuna haja ya kuuliza, hiyo ilikuwa mashine ya saiba, zile duka za intaneti na kuchapisha. Halafu sisi tunakesha tukiogopa hakaz wa Urusi!

Na si ati ni ushamba wetu. Mwaka 2022 benki ya Morgan Stanley kule Marekani ilipigwa faini ya dola milioni 35, kisa na maana kazi ya kuondoa vifaa vya zamani walipatia kampuni ya kuhamisha mizigo ambayo haikujua lolote kuhusu kufuta data, diski zikaishia kwenye mnada wa mtandaoni na data za wateja ndani. Hapa kwetu sheria ya data ya 2019 inaruhusu faini mpaka shilingi milioni 5, lakini niambie ni saiba gani mtaani kwenu inajua hivyo.

Lakini wale wa kusema eti kila diski itobolewe na drili, hapo tunakosana. Diski nzima ina bei, kuna mwanafunzi anaitafuta. Ile ya kawaida yenye sahani inayozunguka ndani, andika sufuri mwanzo mpaka mwisho mara moja, inatosha. Ile hadithi eti lazima uandike juu mara 35 ilitokana na mtafiti Peter Gutmann, 1996, akiongelea diski za enzi hizo, na mwenyewe alishasema watu walimwelewa vibaya. Ya GB 500 itachukua kama saa moja na nusu au zaidi, kwa hivyo fundi akikurudishia baada ya dakika tano, amekupiga.

SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, ni mambo mengine. Yenyewe huhamisha data huku na huku ili isichakae, kwa hivyo ukiandika juu, kuna vipande havifikiwi. Tumia amri ya kufuta ya aliyeitengeneza, ama bora zaidi uweke BitLocker, ile ya Windows inayofunga data yote kwa ufunguo wa siri, siku ya kwanza unapoinunua. Flashi na memori kadi ni za bei ya chai na mandazi, ponda chipu yenyewe, si plastiki tu, na usichome, huo moshi ni sumu. Drili iachie diski iliyokufa, kwa sababu hiyo huwezi kuiandika tena.

Kitu watu husahau kabisa ni fotokopi. Zile kubwa za ofisi, zinazokuja zikiwa zimetumika ng'ambo, nyingi zina diski ndani na zinaweza kuhifadhi kile zinachokopi, kwa hivyo mwenye saiba kabla uuze yako, ingia kwenye menyu utafute pa kufuta, na kama hupaoni mwambie fundi aifungue akutolee hiyo diski ubaki nayo.