Birotiki bila karatasi

Majuma mawili yaliyopita mtoto wa dada yangu alirudi kutoka siku yake ya kwanza ya staji, mafunzo ya kazini, akiwa amenuna. Ni msichana wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, mpole, ana diploma ya taifa na breve, yaani cheti, ya birotiki (kazi za ofisi kwa kompyuta) ya miezi mitatu, ile yenye picha ya pasipoti na kashe (mihuri) mbili za bluu. Aliketi jikoni kwangu, akaitazama bukari, ugali wetu, bila kuigusa, halafu akasema: "Mama mudogo, mashini yabo iko na wazimu."

Mashini haikuwa na wazimu. Ilikuwa ya Kiingereza. Kampuni yenyewe inahudumia migodi, wakubwa wake wametoka Zambia na Afrika Kusini, na kompyuta zao zimekuja na kibodi ya huko. Yeye alifundishwa kwenye kibodi ya Kifaransa, AZERTY. Akitaka A inatoka Q. Akitaka Z inatoka W. M aliitafuta kando ya L kama alivyozoea, kumbe imeshuka mstari wa chini. Alipotaka kukoza kichwa cha barua alibonyeza Ctrl+G, kwa sababu kwenye Word ya Kifaransa G ni ya gras; Word ya Kiingereza ikamfungulia dirisha la kumuuliza anataka kwenda ukurasa gani. Kwenye Excel aliandika SOMME, yaani "jumlisha" kwa Kifaransa, na seli ikamjibu #NAME?, yaani "jina hilo silijui".

Nilicheka, nikaomba msamaha, halafu nikamuuliza barua yenyewe iliishia wapi. Hapo ndipo akainamisha kichwa. Walimpa kazi ya kuandika barua fupi ya Kifaransa kwenda komini, ofisi ya serikali ya sehemu ya mji, kuomba kibali cha kuweka kontena kando ya barabara. Aliandika, bosi akasaini, akaipeleka mwenyewe. Ikarudi naye. Haikuwa na namba. Haikuonyesha nani anapewa kopi. Na alikuwa amebeba karatasi moja tu, kwa hiyo hata kama wangeipokea, kashe ya kupokea ingegongwa wapi?

Kibodi aliizoea kwa siku nne. Barua asingeijua hata kwa miezi minne, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba kuna kitu cha kujua.

Nimefanya kazi ya sekretari, na baadaye ya asistanti, kwa zaidi ya miaka ishirini hapa Lubumbashi, na ninalosema leo nimelisema mara nyingi mbele ya chai: vituo vyetu vya birotiki vinafundisha programu, havifundishi biro, yaani kazi ya ofisi yenyewe. Sizungumzii INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, ambayo ipo nchini tangu 1964 na ina kituo chake hapa mjini. Nazungumzia vile vyumba vya kompyuta sita juu ya duka la simu, bango limeandikwa Word, Excel, PowerPoint, Internet, na siku ya mwisho kuna soda, picha na breve. Mwanafunzi anatoka akijua kuzungusha maneno kama upinde wa mvua. Hajawahi kushika daftari la kuingiza barua.

Sisi tulianza kwa mashini ya kupiga chapa, kwa masista, na sitaki kudanganya kwamba ulikuwa wakati mtamu. Sista alikuwa anafunika mikono yetu na kitambaa. Vidole juu ya qsdf, vidole juu ya jklm, asubuhi nzima, qsdf jklm qsdf jklm, mpaka usiku unaota herufi. Kengele ya mwisho wa mstari ilinifuata mpaka kwenye misa. Lakini kulikuwa na karatasi ya kaboni. Barua moja, kopi mbili chini yake. Ukikosea herufi moja unaifuta mara tatu, na kila mara unaweka kipande cha karatasi katikati usichafue ya chini. Kwa ajili ya uvivu huo wa kufuta tulijifunza kufikiri barua yote kabla ya kugusa herufi ya kwanza. Na tulijua bila kuambiwa kwamba barua si moja. Ni tatu: ya anayepelekewa, ya anayeambiwa, na ya kwetu ya kuweka.

Kompyuta imeondoa kaboni. Haikuondoa zile tatu.

Niieleze basi hiyo barua, maana kwa watu wa nje ya kazi hii inaonekana kitu kidogo. Huku kwetu barua ya kwenda serikalini ina namba ya kumbukumbu juu, iliyotoka kwenye daftari la barua zinazotoka, si namba ya kubuni. Ina tarehe na mji. Kabla ya jina la anayeandikiwa kuna sehemu ya Transmis copie, mstari kwa mstari, wale wote watakaopata kopi, na mistari hiyo inafuata ukubwa wa vyeo. Ukimweka mkuu wa kartie (mtaa) juu ya burgumestri (mkuu wa komini), barua itasomwa, ndiyo, lakini itasomwa na mtu aliyekasirika. Halafu Concerne, mstari wa kusema barua inahusu nini, ambayo wenzetu wa Ufaransa wanaiita Objet. Sisi tulirithi kwa Wabelgiji na tumeibakiza. (Kijana mmoja wa kwetu alimwomba akili bandia amwandikie barua ya kwenda kwa gavana. Kifaransa kilikuwa kizuri kuliko changu. Kilikuwa Kifaransa cha Paris, Objet na salamu za huko, na hakuna hata mstari mmoja wa kopi.)

Ukishamaliza, mbali na zile za wanaopewa kopi, unatoa mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa kashe ya kupokea, inaandikwa tarehe na namba ya kuingia, unarudi nayo. Hiyo ya kurudi nayo ndiyo kazi yenyewe. Mimi niliwahi kuiacha. Miaka ya nyuma, barua ya kupinga hesabu ya kodi, nilifika karibu na saa ya kufunga, mtu wa mapokezi akaniambia, "Mama, acha tu hapa, kesho watagonga." Nikaacha. Kesho hakuna aliyeiona, wala yule mtu hakukumbuka uso wangu. Bosi wangu alilipa hesabu iliyokosewa, pamoja na adhabu, na hakunifukuza, jambo ambalo mpaka leo nalishangaa. Tangu siku hiyo, hata mvua ya Januari ininyeshee mlangoni, siondoki bila kashe.

Mnaona sasa? Katika habari hii yote Word imefanya kazi ya dakika kumi.

Excel ina aibu zake. Kwenye mji huu, ambako biro moja ina Mkongomani, Mzambia na Mchina, Excel inaweza kuwagombanisha watu bila mmoja wao kukosea. Ukiweka mashini kwa Kifaransa, mkato ni wa sehemu ya kumi. Kwa Kiingereza mkato ni wa maelfu. Nimeshika ripoti ya mafuta iliyoandikwa 1,250. Fundi wa magari alisoma lita elfu moja mia mbili hamsini. Mhasibu alisoma lita moja na robo, akauliza kwa heshima gari limefika wapi. Tarehe nazo: 03/04 kwetu ni tarehe tatu Aprili, kwenye mashini iliyowekwa Kimarekani ni tarehe nne Machi, na kontra (mkataba) inaweza kufa katikati hapo. RECHERCHEV ya Kifaransa, ile ya kutafuta kitu kwenye jedwali, ni VLOOKUP ya Kiingereza, na alama ya kutenganisha ndani ya fomula inabadilika kutoka nukta-mkato kuwa mkato. Faili lenyewe ukilifungua upande wa pili linajitafsiri; ni mikono yako isiyojitafsiri. Hili linafundishika kwa nusu siku. Sijaona kituo kinacholifundisha, na migodi ndiyo inayoajiri.

Inaajiri kweli, hasa kwa mlango wa nyuma. Tangu sheria ya sutretansi (kampuni kubwa kuzipa kampuni nyingine sehemu ya kazi zake) ya Februari 2017, ambayo inaacha kazi hizo kwa kampuni zenye mtaji ulio mikononi mwa Wakongomani kwa sehemu kubwa, kila mtaa una kampuni ndogo ya kusafisha, ya kupika, ya kukodisha magari. Kampuni hizo mara nyingi ni watu watatu: mwenye mali, dereva, na asistanti. Asistanti ndiye biro. Ndiye anayetunza dosye: RCCM, yaani usajili wa biashara, ambayo ilikuja na OHADA, jumuiya ya sheria za biashara za Afrika, tulipojiunga 2012; Id. Nat., namba ya utambulisho ya taifa; namba ya kodi; karatasi za CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Baadhi ya vyeti hivyo vinakwisha muda, na tenda haisubiri. Msichana anayejua kwamba cheti cha kodi kinakufa mwezi ujao, na ameandika hivyo kwenye kalenda ya ukutani, ana thamani kuliko anayejua kufanya PowerPoint inayoruka. Samahani kwa wanaopenda PowerPoint.

Kuna wanaodharau. Wanasema ni kazi ya wasichana wa kuchemsha chai, au ya waliokosa nafasi ya udaktari. Neno letu la zamani ni karani, na zamani karani alikuwa mtu: alikuwa na kalamu, saa, na baiskeli. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo, kabla ya siasa kumchukua. Sisemi posta ndiyo iliyomfanya Lumumba. Nasema tu hakuna aliyemcheka.

Wakati huohuo shule ya kweli ya kazi hii tunaipita kila siku bila kuiangalia. Ni zile sekretaria publiki: parasoli, meza, kompyuta ya mkononi iliyochoka, printa, mashini ya fotokopi, na jenereta inayokohoa. Ziko karibu na posta, kando ya mahakama, mbele ya chuo kikuu. Mtu anafika na karatasi iliyokunjwa mara nne na maneno kichwani: anataka kuomba ruhusa kazini, kuandika kontra ya nyumba, kumpa kaka yake prokirasio (idhini ya maandishi) ya kuuza kiwanja, kuandika sheria za chama cha akina mama. Anazungumza Kiswahili. Papa aliyekaa pale anasikiliza, anauliza maswali mawili matatu, na vidole vinatoa Kifaransa cha serikali moja kwa moja. Huo ndio ufundi ninaouheshimu zaidi katika mji huu, kugeuza shida ya mtu kuwa karatasi ambayo biro haiwezi kuikataa, na hakuna breve inayoutaja.

Pale utajifunza pia kwamba flashi ya kila mteja ina virusi mpaka uthibitishe vinginevyo. Ile inayogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato imewaliza wengi siku ya mwisho ya kuweka kazi ya chuo. Utajifunza kubonyeza Ctrl+S kama mtu anavyopepesa macho, kwa sababu SNEL, shirika la umeme, likikata haibishi hodi. Utajifunza kuacha kuita faili "barua finale" na "barua finale 2 ya kweli". Mimi naanza na mwaka, mwezi, siku, halafu neno, ili mashini ijipangie yenyewe: 2024-03-12 kontena komini. Mdogo wangu ananicheka kwa hili. Lakini akipoteza kitu ananipigia mimi.

Ningepewa chumba na kompyuta kumi, mwezi wa kwanza nisingewasha hata moja. Ningegawa madaftari mawili, la zinazoingia na la zinazotoka, wino, rula, na sanduku la barua za kuchanganya. Kila asubuhi mwanafunzi mmoja angekuwa komini, mwingine kampuni, mwingine benki, na barua zingetembea kati yao mpaka moja ipotee. Ingepotea, najua. Halafu wote wangekaa kuitafuta kwa kufuata namba. Mwezi wa pili vidole: qsdf jklm, na kitambaa, ndiyo, hata wakilia. Halafu kibodi ya Kiingereza. Programu zingekuja mwisho, na zingekwisha haraka, maana mtu anayejua anachotafuta anakiona kwenye menyu.

Najua jibu la wenye vituo, kwa sababu mmoja alinipa uso kwa uso: "Mama, wazazi wanalipa kuona kompyuta. Nikiwapa daftari watachukua watoto wao." Ana kodi ya nyumba ya kulipa na mafuta ya jenereta. Sina jibu kamili kwake. Nilimwambia aweke daftari kando ya kompyuta basi, si badala yake. Alisema atafikiri, kwa sauti ya mtu ambaye hatafikiri.

Mtoto wa dada yangu staji yake inaendelea. Ctrl+B, ile ya kukoza kwa Kiingereza, sasa inatoka yenyewe. Jumamosi nimempeleka kwa Papa mmoja mwenye parasoli karibu na mahakama, ninayemfahamu tangu enzi za kaboni. Msichana hamlipi, anamsaidia kugonga na kufunga karatasi, na analishwa mandazi. Jumamosi iliyopita saa nne simu yangu ikalia.

"Mama mudogo, kuko mutu hapa anaandikia burgumestri, anataka kopi kwa meya na kwa shefu wa kartie. Naanza na nani?"

"Papa amesema nini?"

"Amesema nikuulize weye, anacheka."

Nikamwambia aanze na meya. Na atoe tano: ya burgumestri, mbili za kopi, moja ya kurudi na kashe, na moja ya Papa, kwa sababu yule mteja ataipoteza yake kabla hajafika komini ya Kenya, hapa mjini, na Jumatatu atarudi kuiomba.