Joistiki za Mkono wa Kulia, Sisi Wengine Twende Wapi?
Jamani, sisi wa mashoto tuliwakosea nini watengeneza joistiki, vile vishikio vya kuendeshea chombo kwenye michezo ya kompyuta? Elite Dangerous, mchezo wa kurusha vyombo vya angani, ina mifumo ya nyota bilioni 400, lakini kishikio cha kukaa vizuri mkono wa kushoto ni cha kutafuta kwa tochi! Hapa Malindi muuzaji anakupa padi ya kuchezea mpira: “Chukua hii bosi, ni ileile.” Ileile?!

Ukishavaa miwani ya VR, ile inayofunika macho ukajiona uko ndani ya mchezo, huoni hata kidole chako. Unapapasa vitufe kama mtafuta kiberiti umeme umekatika. Unataka kushusha miguu ya chombo utue, kumbe umefyatua risasi ndani ya kituo. Umekwisha!

Na joto hili? Lenzi ukungu, kiganja jasho, kishikio chateleza. Vya bei nafuu ni vyepesi mno: ukivuta kwa nguvu, chanyanyuka chote mezani.

Wenzangu mnatumia nini? Na asiniambie mtu kibodi.