Siku 180 za Shemeji

Ukitoka Laredo, Texas, kwa gari kwenda Nuevo Laredo, Meksiko, kwa daraja la Juárez–Lincoln, hakuna anayekusimamisha kukuomba pasipoti. Upande wa Marekani unalipia daraja, unavuka mto, upande wa pili unakutana na taa ya forodha. Kijani, pita. Nyekundu, weka gari pembeni likaguliwe. Taa hiyo inashughulika na mizigo tu, uhamiaji haiuhusu.

Shemeji alipowashiwa kijani alipiga honi ya furaha.

"Umeona nchi yenye heshima, Shem? Namanga saa hizi ningekuwa bado natafuta kalamu."

Pasipoti yake ya Tanzania ilikuwa na viza mbichi ya mkazi wa muda, Residente Temporal, aliyoipata kwenye ubalozi mdogo wa Meksiko kule Houston anakofanya kazi. Kwake yeye ile stika ndiyo ilikuwa mwanzo na mwisho wa habari. Kumbe stika ni ya kuingilia tu, mara moja, ndani ya siku 180 tangu itolewe. Mpakani inatakiwa upate muhuri pamoja na fomu ya kuingia, FMM, iliyoandikwa Canje, yaani kubadilisha, na siku 30. Ndani ya siku hizo 30 uwe umeshaanza kuibadilisha viza kuwa kadi kwenye ofisi ya uhamiaji, INM, ya mji unaokwenda kuishi. Sasa shida ya mpaka ule ni kwamba ukanda wake uko wazi kwa kilomita ishirini na kitu. Mtu anaweza kulala hotelini, akala tacos, akanyoa ndevu, asiulizwe na yeyote, akajiona ameshaingia nchini.

Nikamwambia akate kona turudi chini kule mtoni, kwenye jengo la CIITEV, maana uhamiaji uko humo na kibali cha gari kinatolewa humo humo.

"Usiwashtue watu," akasema. "Mtu hajaulizwa, anajipeleka?"

Usukani alikuwa nao yeye. Tukapita.

Kule Kilómetro 26, kizuizi cha forodha kusini mwa mji, tukasimamishwa. Shemeji akatoa pasipoti ikiwa imefunguliwa kwenye viza, ameinyoosha kama bwana harusi anayeonyesha cheti cha ndoa. Ofisa akafunua ukurasa wa mbele, wa nyuma, akarudi katikati. Muhuri uko wapi? Shemeji akaonyesha viza. Kibali cha gari kiko wapi? Shemeji akaonyesha viza tena, safari hii kwa kidole kirefu zaidi. Ofisa hakugomba. Alitunyooshea mkono tu, kule tulikotoka.

Njia nzima ya kurudi redio ilizimwa.

CIITEV ina mpangilio wake, na ukiukosea unazunguka mpaka jioni. Kwanza dirisha la uhamiaji. Pili fotokopi: pasipoti, muhuri, FMM, kadi ya gari, leseni. Mwisho Banjercito, wanaotoa kibali cha muda cha gari. Kibali hakitoki bila FMM, na fotokopi ya FMM huwezi kuitoa kabla hujaipata, ingawa pale fotokopi niliwakuta watu wawili wakijaribu. Nikamwacha Shemeji dirishani na maagizo mafupi: onyesha ukurasa wa viza, sema Canje, soma namba kabla hujaondoka. Mimi nikaenda kupanga foleni na karatasi za gari.

Sasa, Shemeji ana green card ya Marekani. Mwenye green card huingia Meksiko kama mgeni bila kuhitaji viza ya Meksiko. Kwa hiyo ofisa, kwa uungwana kabisa, alimuuliza: unaingia kwa viza hii au kama mgeni?

Ukimuuliza hivyo mtu aliyekulia Kariakoo, yeye huanza na bei.

"Kwa viza siku ngapi?"

"Thelathini."

"Na kama mgeni?"

"Mpaka mia na themanini."

Alinifuata kwenye foleni ya fotokopi akitembea kwa mabega. "Shem, walitaka kunipa 30. Nimepandisha mpaka 180! Halafu nimelipa peso 861 tu."

Niliishika ile fomu mikono ikitetemeka. Ada ile ni ya wageni. Mwenye Canje haimhusu kabisa.

Tukienda nayo INM, wangemwona mgeni kwenye mfumo, na mgeni hapewi kadi ya ukazi eti kwa sababu pasipoti yake ina stika nzuri. Angeambiwa atoke nchini aingie upya kabla viza haijaisha muda. Muhuri wa namna hii husahihishwa pale pale, dirisha lile lile, kabla ya mita moja ya barabara. Tukarudi. Aliyegonga alikuwa ameenda kula. Tukamngoja amalize kula, na alikula kwa nafasi.

Aliporudi nilimweleza. Akamtazama Shemeji, akaitazama viza, akamtazama tena Shemeji. Kisha akaifuta FMM ya kwanza, akaandika mpya: Canje, 30. Shemeji alisimama anahesabu kwa sauti siku 150 zinavyoondoka. Zile peso 861 hazikurudi.

Banjercito nako kibali cha gari kikafuata FMM: siku 30. Kwa gari la mwaka 2007 au jipya zaidi, amana ni dola 400, na kadi ya benki iwe na jina la mwenye gari. Shemeji akafungua mdomo kuomba apunguziwe. Nikamnong'oneza kwamba hii ni benki ya jeshi. Akafunga mdomo. (Amana hiyo wengi huipoteza: wakishapata kadi ya ukazi hawaijulishi forodha ili kibali cha gari kirefushwe kabla ya zile siku 30 kwisha. Uhamiaji haupeleki habari kwa niaba yako.)

Querétaro, mji aliokwenda kuishi, mambo yalikwenda, isipokuwa majina. Fomu ya mtandaoni inataka jina, ukoo wa baba, ukoo wa mama, na Shemeji ana majina matatu ya kwetu: lake, la baba, la babu. Alipoona sehemu ya mama ikabaki tupu alisema ni utovu wa adabu, akamjaza mama yake mzazi. Fomu ikarudi. Kinachotakiwa ni kile kilichoandikwa kwenye pasipoti, hata herufi isizidi, kwa sababu ndicho kinachotengeneza CURP, namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 18. Asiye na ukoo wa pili huwekewa X.

"Mama yangu X?"

Sahihi nayo ifanane na ya pasipoti. Yake ya pasipoti aliiweka ujanani, ina mkia unaozunguka jina mara mbili, na ilibidi ajifunze upya kuichora. Alitumia risiti ya mafuta, mbele na nyuma, mpaka mkia ukakaa.

Kadi ya kwanza ni ya mwaka mmoja, na kuihuisha huombwa ndani ya siku 30 za mwisho kabla haijaisha. Katikati hapo alikwenda Dar na kurudi, nikamsisitizia uwanja wa ndege asiguse mashine za kupita mwenyewe, apange foleni ya mtu, atoe pasipoti na kadi pamoja, la sivyo anaandikwa mgeni tena. Alipanga. Alinitumia picha ya foleni.

Kuhuisha kukaangukia 2026. Ada ya mwaka mmoja, iliyokuwa peso 5,570 mwaka 2025, ilikuwa imepandishwa mara mbili na kuvuka 11,000. Shemeji akakaa chini. Ndipo akaona mstari wa chini yake: miaka mitatu kwa mpigo, peso 21,000 na ushee. Miaka mitatu kwa bei isiyofika ya mwaka mmoja mara mbili! Macho yakarudi Kariakoo. Akatoa simu, akapiga hesabu, akasogea dirishani.

"Na nikichukua sita," akauliza, "mnanifanyia elfu arobaini?"

Mkazi wa muda mwisho wake ni miaka minne jumla, na mmoja alikuwa ameshautumia. Ofisa alimweleza hivyo taratibu, akamrudishia karatasi ya kulipia benki, akaita anayefuata.