Tozo ya moshi na magari yetu ya zamani

Jamani hii tozo ya moshi imenikaa rohoni. Shemeji yangu yuko London, ana Land Rover ya 1990, anaitoa siku za rali za magari ya zamani tu, lakini akiingia nayo barabarani anatozwa ULEZ, ile tozo ya magari yenye moshi mchafu, pauni 12.50 kwa siku, na siku yenyewe inahesabiwa saa sita usiku mpaka saa sita usiku, kwa hiyo akichelewa kurudi, saa sita na dakika tano yuko njiani, analipa siku mbili! Yenye miaka 40 iliyosajiliwa kama ya kihistoria inapita bure, ya kwake bado.

Sasa juzi gereji hapa Arusha nimeinamia kabureta ya Land Rover 109 ya marehemu mzee, nasafisha jeti, vile vitundu vya kupitisha mafuta, kwa petroli na mswaki, jamaa ananiambia eti tozo kama hiyo ije na huku ituondoe barabarani. Ituondoe sisi? Mimi naitoa mara mbili kwa mwezi, plagi ukizifungua zina kahawia safi, yaani mafuta yanaungua vizuri, pima moshi wangu basi usipime umri wa gari! Lori la Fuso lenye nozo mbovu za dizeli linapanda Sakina hapa mjini kila siku linamwaga moshi mweusi mpaka mama wa mahindi anafunika jiko kwa kanga, na hilo hakuna anayelisema.