Twiga Stars: mechi sita za WAFCON, sare moja. Tumesogea au tumesimama palepale?

Tangu Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya soka ya wanawake, wamtoe Ethiopia na kufuzu WAFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake, mara ya pili mfululizo, vijiwe vya hapa Kigoma vina ubishi hauishi, na nimeamua niuandike maana pande zote mbili zina hoja. Kuna wanaosema hawa dada zetu ndo timu ya taifa yenye rekodi ya kueleweka kuliko zote nchini. Wengine wanasema hapana, vikombe vyao vyote ni vya kanda, wakikutana na wakubwa wa Afrika wanafungwa kama zamani tu.

Vikombe havina ubishi. CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, 2016 kule Jinja wakampiga Kenya 2-1 fainali, 2018 wakaenda Kigali wakatetea. COSAFA 2021, kombe la kusini mwa Afrika, walikuwa waalikwa tu, wakabeba kombe Afrika Kusini, bao la Enekia Kasonga likammaliza Malawi fainali. 2025 wakabeba tena CECAFA, safari hii nyumbani Dar. Kaka zao wa Kilimanjaro Stars, timu ya wanaume ya Tanzania Bara, mara ya mwisho kubeba Chalenji, yaani CECAFA ya wanaume, ni 2010, kwa hiyo anayesema timu ya wanawake inatubeba kwenye ukanda huu hajakosea hata kidogo.

Ila sasa, miaka hiyohiyo tuliyokuwa mabingwa wa CECAFA, WAFCON hatukwenda. 2018 inauma zaidi maana Zambia walitutoa bila kushinda hata mechi moja, 3-3 kwetu, 1-1 kwao, bao la ugenini likaamua. 2022 tena hatukuwepo, wakaenda Burundi, hawa majirani zetu ambao ukifika Manyovu tu umeshafika mlangoni kwao, na watu wa huku wenye ndugu upande ule walitamba sana. Burundi walipoteza mechi zote tatu za kundi, lakini walikuwepo, sisi tulikuwa watazamaji. Ndo maana mtu akisema ubingwa wa kanda sio kipimo tosha, mi siwezi kumbishia.

Sasa njoo kwenye WAFCON yenyewe, maana hapa ndo kuna kitu naona watu wanakipita haraka mno. Twiga wameshiriki mashindano haya mara mbili mpaka sasa, 2010 Afrika Kusini na ile ya Morocco iliyochezwa Julai 2025. Mechi sita, vipigo vitano, sare moja, tumefunga mabao 5 tumefungwa 14. Ukiishia hapo unasema basi, hawa bado. Lakini angalia wapinzani ni akina nani. 2010 kundi letu lilikuwa na Afrika Kusini, Mali na Nigeria. 2025 tukapangwa na Afrika Kusini haohao, Mali haohao, na Ghana. Yaani ni kama mtihani uleule umerudiwa baada ya miaka 15, na nafasi kama hiyo ya kujipima huipati mara nyingi kwenye mpira.

Mali 2010 walitufunga 3-2, 2025 wakatufunga 1-0. Afrika Kusini 2010 walitufunga 2-1, 2025 tukatoka nao 1-1, Opa Clement akatangulia kufunga kipindi cha kwanza, wao wakasawazisha kipindi cha pili, na hiyo ndo pointi yetu ya kwanza kabisa kwenye historia ya mashindano haya. Anayesema tumesimama anakwambia si unaona, miaka 15 tumeongeza pointi moja tu. Tena 2010 zilikuwa timu 8, 2025 zikawa 12, mlango umepanuka. Hoja ina uzito, siikatai.

Lakini mi nasimama upande mwingine na sababu ni hii. Afrika Kusini wa 2010 sio Afrika Kusini wa 2025. Katikati hapo wameenda Kombe la Dunia mara mbili, 2023 wakafika 16 bora, na walikuja Morocco wakiwa mabingwa watetezi wa Afrika. Mpinzani amepanda kiasi hicho halafu wewe ambaye alikufunga unatoka naye sare, basi na wewe umepanda, tena umepanda kwa kasi kuliko yeye. Na njia ya kufika pia imebadilika. 2010 tulipita kwa Ethiopia na Eritrea. Safari ya Morocco tumemtoa Ivory Coast, timu iliyowahi kucheza Kombe la Dunia, walitupiga 2-0 kwao tukarudisha 2-0 Dar tukawamaliza kwa matuta, halafu Togo kwa jumla ya 3-2. Mlango umepanuka sawa, ila waliosimama mlangoni hawakuwa wepesi.

Kinachonikera mimi ni kitu kingine, na hapa wenzangu wa upande wa sifa hawapendi kukisikia: vipindi vya pili. Na Afrika Kusini tuliongoza mpaka mapumziko, tukasawazishiwa. Na Ghana tulienda mapumziko 1-1, mechi ikaisha 4-1. Dakika 45 za mwisho za mechi hizo mbili tumefungwa manne hatujafunga hata moja. Hiyo sio timu isiyojua mpira, hiyo ni timu ambayo pumzi ikiisha, anayeingia kutoka benchi hana mechi ngumu za kutosha miguuni. Kina Clara Luvanga wako Al Nassr kule Saudia wanapata ushindani kila wiki. Tatizo ni yule wa 15, wa 18, wa 20 kwenye kikosi.

Na yule wa 18 anatoka wapi? Ligi Kuu ya Wanawake ilianza 2016, kabla ya hapo hakukuwa na ligi ya maana, na Kigoma tulikuwa na timu yetu ya Sisterz humo ndani, wasichana wa huku wakasafiri kucheza na kina Simba Queens na JKT Queens. Leo ukipita viwanjani jioni utakuta binti anapiga chenga wavulana watatu na viatu vya kuazima, vimemzidi saizi mpaka kavifunga kamba chini ya soli, halafu akimaliza shule ya msingi hana timu ya kwenda mpaka apate mtu wa kumpokea Dodoma au Dar, mbali kabisa na nyumbani. Wengi wanaishia hapo. Mzazi gani anamwachia mtoto wa miaka 13 aende kwa watu asiowajua? Hata mi nisingemwachia.

Kwa hiyo kwangu rekodi ya Twiga ni ya timu iliyopanda kweli ila imepandishwa na wachezaji kumi na mbili, kumi na tatu hivi. Wanaosifia wawaangalie hao waliobaki benchi, na wanaoponda warudi wakatazame ile mechi ya Afrika Kusini tangu dakika ya kwanza. WAFCON inayokuja tunahitaji ushindi wa kwanza, na utapatikana kipindi cha pili au hautapatikana kabisa.