Kidole Kidogo Kimenivunjia Heshima

Jamani nisikilizeni nyie, maana nyumbani hanisikilizi mtu. Mwezi wa tatu huu najifunza mazingaombwe ya karata, na bado niko kwenye somo la kwanza: kunyanyua karata mbili za juu zikaonekana moja. Mtu anaona ree ya shupaza, anaamini ndiyo ya juu. Unazifunika, unachukua ya juu yenyewe, ambayo ni garasa tu, unaichomeka katikati ya fungu. Halafu unafunua ya juu: ree ile ile! Imepanda peke yake.

Kazi yote iko kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kinatakiwa kijipenyeze chini ya karata ya pili, kishikilie mwanya mwembamba kama ukucha, na wewe usoni uwe kama mtu anayesubiri daladala. Sasa kidole changu miaka 42 kazi yake ilikuwa kuchokonoa sikio. Leo nakiambia kilete ufundi, kinatetemeka! Mtoto wa dada yangu, wa chekechea, kanitazama mara moja tu: "Mjomba, kidole kinakuuma?"

Mwaka 1922 kule Chicago, mwanamazingaombwe Dai Vernon alimfanyia mwenzake maarufu, Houdini, mchezo wa karata inayopanda juu. Houdini, aliyekuwa akitamba kwamba akiona mchezo mara tatu siri anayo, akarudiwa na kurudiwa, akatoka kapa. Mimi nimekamatwa na mtu ambaye bado anafungwa kamba za viatu.

Na joto hili la Dar ndio balaa. Karata nimenunua kwa machinga, mkono ukitoa jasho zinagandana kama chapati za jana. Nanyanyua mbili, zinakuja tano.

Ingekuwa hayo tu ningevumilia. Kijiweni nilikuwa mcheza arubastini wa kawaida, nafungwa kama binadamu wengine. Siku hizi zamu yangu ya kuchanga ikifika wananipora karata: "Lete huku, mganga!" Nikishinda, nimeiba. Nikifungwa, eti nawalegezea niwale kesho. Mke wangu naye, hela ya mboga ikipungua kwenye kopo, kabla ya salamu ananiambia nikunje mikono ya shati. Nimekunja mara nne wiki hii!

Lakini aliyenimaliza ni Mangi wa dukani. Noti yangu haipokei mkononi. "Weka hapo juu ya kaunta." Kasikia habari zangu, anaona mimi ni chuma ulete.

Juzi nikasema liwalo na liwe. Nikatoa fungu. "Mangi, huu ni mchezo tu, chagua karata." Akachagua, akaitazama, akairudisha, akageuka kumpimia mtoto mafuta ya kula. Ndugu zangu, siku hiyo kidole kiliingia kama kisu kwenye papai. Mbili zikanyanyuka kama moja. "Si hii yako?" Akaitupia jicho huku anafunga mfuniko. Nikafunika, nikachomeka garasa katikati, nikapuliza, nikafunua taratibu. Saba ya kopa, juu kabisa! Miezi mitatu, jamani. Machozi yalinilenga.

Mangi akaitazama. Akajikuna shingo.

"Kwani nilichukua ipi vile?"

"Mangi! Saba ya kopa!"

"Aah." Akafuta mikono. "Haya, unataka nini? Hela weka hapo juu."