Kabla ya Machozi, Tuambieni Ni Kiasi Gani

Baba amekaa sakafuni, mbele yake kuna mabonge makubwa ya sukari, anayavunja vipande vidogovidogo. Sukari si yake. Ni ya msikiti, ameletewa aikate. Binti yake mdogo anamletea chai, na baba anaulizia sukari. Mtoto anashangaa: si hii hapa, imejaa tele? Baba anamwambia kwamba hii ni amana, wamekabidhiwa tu. Mtoto anakwenda kutafuta ya nyumbani.

Basi. Filamu inaendelea na habari zake za viatu. Ukiinamia simu kidogo tu, tukio hilo limekupita.

Filamu yenyewe ni Bacheha-ye Aseman ya Majid Majidi wa Iran, ya mwaka 1997. Wengi wakiikumbuka, wanakumbuka mbio: mvulana aliyepoteza viatu vya dada yake anashindana kwa sababu mshindi wa tatu atapewa raba. Anakimbia akitaka kuwa wa tatu, kwa bahati mbaya anakuwa wa kwanza, na analia. Ni pazuri, sikatai. Lakini mimi naganda kwenye sukari. Pale kuna kitu kinachohesabika, kipo mkononi, na mtu ambaye angeweza kujichukulia kipande kimoja asijue yeyote. Hakuna muziki unaotuashiria kwamba tunamtazama mtu mwema. Hata yeye hajioni mwema. Anataka chai yake tu.

Siku hizi nina kipimo kimoja cha filamu za dhiki, na rafiki zangu wameshanichoka nacho: kabla haijaniliza, iniambie ni kiasi gani. Wanadaiwa nini, na nani, lini mwisho wa kulipa, na mkononi kuna nini. Filamu isiyojua hesabu hizo haijui umaskini. Imeuona kupitia dirisha la gari.

Unazijua filamu hizo. Mtoto pekupeku anatembea kwenye vumbi, kamera inashuka taratibu, vinanda vinaanza kulia kabla mtu yeyote hajalia. Mama anatazama mbali. Saa mbili baadaye unatoka na macho mekundu, lakini ukiulizwa familia ile ilikuwa inakula kwa fedha ya nani, huna jibu. Watu wake ni wapole, wavumilivu, hawana hila. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mimi nadhani haki ya kwanza ya mnyonge kwenye filamu ni kuachwa awe na uwezo wa kukosea. Ukimfanya malaika umeshamtoa katika watu. Malaika hana uchaguzi wa kufanya, kwa hiyo filamu haina kisa, ina huruma tu.

Tazama wanavyofanya ndugu wawili wa Ubelgiji, Jean-Pierre na Luc Dardenne, katika Deux jours, une nuit (2014). Sandra anafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya paneli za sola. Aliugua sonona, akapumzika, na alipotaka kurudi mwajiri akawa ameshagundua kwamba wenzake 16 wanaweza kuifanya kazi yake wakiongeza saa kidogo. Wakapigishwa kura: ama Sandra abaki, ama kila mmoja apate bonasi yake ya euro 1,000. Wakachagua bonasi. Kura itarudiwa Jumatatu, na Sandra ana wikendi moja ya kuwafuata majumbani, mmoja mmoja, kuwaomba waiache fedha hiyo. Anahitaji kura 9.

Euro 1,000 inatajwa mlango kwa mlango mpaka inachosha, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa huyu ni bili za gesi na umeme. Kwa yule ni ujenzi mdogo wa nyumbani uliokwisha kuanza. Ukiwa umekaa kwenye kiti chako unaanza kwa kumwonea Sandra huruma, lakini ukifika mlango wa nne au wa tano unawaonea wao, na hapo umeshanasa. Wengi wao, kabla ya kujibu, wanauliza kwanza: wengine wamesemaje? Swali hilo nalijua, nawe unalijua. Ni la mtu anayetafuta pa kujificha. Halafu kuna Timur, anayefundisha watoto mpira uwanjani. Sandra hajamaliza kujieleza, jamaa anaangua kilio. Anakumbuka alipokuwa mgeni kazini akavunja kitu, na Sandra akasema ni yeye aliyekivunja. Alikuwa amelijua deni lake tangu siku ya kura ya kwanza, na bado alichagua bonasi.

Matokeo ni 8 kwa 8. Hazitoshi. Hapo bosi anamwita Sandra ofisini na kumpa njia ya kurudi: kuna mfanyakazi wa mkataba wa muda, mkataba wake ukiisha hautaongezwa, nafasi itakuwepo. Mmoja wa hao wa mkataba ni Alphonse, ambaye alikubali kumpigia kura huku akiogopa kitakachompata. Siku mbili na usiku mmoja Sandra amekuwa akiomba watu wapoteze kwa ajili yake. Sasa ni yeye anayeombwa ampoteze mtu. Anakataa, anatoka nje, anampigia mumewe simu. (Ndiyo, nimekuharibia mwisho. Filamu ina zaidi ya miaka kumi, tusameheane.)

Wakongwe walilijua hili zamani. Katika Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, mwaka 1948, Antonio amepata kazi ya kubandika mabango mjini Roma, kwa sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe anavua shuka kitandani na kwenda kuziweka rehani badala yake. Kisha tunamwona mhudumu akilipandisha furushi lile juu kwenye rafu, na rafu zinaendelea kwenda juu, zimejaa mafurushi ya watu wengine. Sekunde chache, mji mzima umeshahesabiwa. Baiskeli inaibwa siku ya kwanza ya kazi. Baadaye, katika kuitafuta, Antonio anamwingiza mwanawe mgahawani wajifariji, na katikati ya chakula anamwambia aandike hesabu ya mshahara ambao wangekuwa wanaupata. Mtoto anajumlisha kwenye karatasi. Ndiyo maana Antonio anapokuja kuiba baiskeli ya mtu mwingine mbele ya macho ya mtoto huyohuyo, huwezi kujidanganya kwamba amepagawa. Unaijua jumla. Ulikuwepo ilipoandikwa.

Aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani kweli. Filamu ilizunguka dunia, na yeye alirudi kiwandani, ambako baadaye alipunguzwa kazi. Kila nikisikia mwongozaji akijisifu kwamba ametumia “watu halisi wa mtaani”, namkumbuka Maggiorani.

Ousmane Sembène naye, katika Mandabi ya 1968, filamu ndefu ya kwanza kwa Kiwolof, anatupa mgawanyo wote mapema. Hawala ya faranga 25,000 imetoka kwa mpwa anayefagia barabara Paris: 20,000 mjomba amtunzie, 3,000 ni za mama wa kijana huyo, 2,000 ni za mjomba mwenyewe, Ibrahima Dieng. Elfu mbili! Majirani wanaopanga foleni kumkopa hawajui hilo, na wangejua wasingejali. Dieng anashindwa kuichukua hawala kwa sababu hana kitambulisho, na kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, ambacho nacho kinataka tarehe asiyoijua. Lakini sio urasimu unaonichoma. Ni kwamba nyumbani kwake wameshakula kwa hawala ile kabla haijatoka posta.

Na kukopa ndiko kunakonileta kwenye filamu ambayo ningemlazimisha kila mtu aitazame. Djibril Diop Mambéty alizaliwa Colobane, Dakar, na katika Hyènes (1992) akaupa jina hilohilo mji uliofilisika. Kisa chake kilitoka mbali, kwenye tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt ya mwaka 1956, lakini ukiitazama utaapa kwamba kilizaliwa palepale. Linguère Ramatou anarudi Colobane akiwa mzee, mwenye viungo vya bandia na utajiri ambao watu wanasema unaishinda Benki ya Dunia. Alifukuzwa akiwa msichana, mjamzito. Mwanamume aliyempa mimba, Dramaan Drameh, aliikana na kuwahonga mashahidi wawili wadai kwamba nao walilala naye. Sasa Dramaan ni mwenye duka, kipenzi cha watu. Ramatou atautajirisha mji mzima, kwa bei moja: Dramaan auawe.

Meya anakataa hapohapo, kwa maneno mazito ya utu, na watu wanashangilia. Filamu ya kawaida ingeishia kwenye makofi hayo, au ingewageuza watu kuwa wanyama usiku mmoja. Mambéty anafanya jambo baya zaidi. Anatupeleka dukani. Mteja anaingia kwa Dramaan, anachukua kitu cha bei kuliko kawaida yake, anasema andika. Anakuja mwingine: andika. Wanamsifu, wanamhakikishia kwamba wako upande wake. Dramaan anatazama chini, anaona viatu. Vya njano, vipya, vimetoka Burkina Faso. Huyu anavyo, na yule anavyo. Mji mzima unakopa na hakuna aliyepata kipato kipya. Watalipa na nini?

Kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii tumezoea kuitania, lakini Colobane matanga ni matanga kweli, na marehemu yuko hai, anauza dukani, anaandika madeni yatakayomuua kwa mkono wake mwenyewe. Pale dukani hakuna hata mmoja aliyesema ndiyo.  Kila mtu amenunua viatu tu, na viatu si dhambi. Mwisho wanamzunguka wamevaa magunia, wanasogea karibu, wanatawanyika, na chini linabaki koti lake. Mkono wa nani? Hakuna mkono. Nimewahi kubishana usiku kucha na mtu aliyesema filamu hii inawatukana maskini. Mimi naona ndiyo iliyowaheshimu kuliko zote, kwa sababu imewaamini kwamba wanaweza kutenda uovu kwa akili timamu, kama matajiri.

Upande wa pili wa sarafu yuko Razieh, mfanyakazi wa ndani katika Jodaeiye Nader az Simin ya Asghar Farhadi (2011). Fidia ya mimba iliyoharibika iko mezani, wanaomdai mumewe wamekaa sebuleni wanasubiri, na kinachotakiwa ni aape tu juu ya Kurani kwamba aliyesababisha ni tajiri wake. Hana hakika. Fedha iko palepale, kama ile sukari, naye hawezi kuugusa msahafu. Mumewe hamwiti shujaa. Anajipigapiga kwa hasira.

Sasa nitakosana na watu. I, Daniel Blake ya Ken Loach, iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 2016, inapendwa sana, nami nilikasirika pale ilipotaka nikasirike. Lakini Daniel mwenyewe, seremala mgonjwa anayeomba msaada wa serikali, ni msafi mno. Adui yake ni fomu na simu zisizopokelewa, na fomu haikujaribu utu wako, inakuchosha tu. Filamu iko kwa Katie, rafiki yake mpya mwenye watoto wawili, anayefungua kopo kwenye kituo cha msaada wa chakula na kula kwa vidole palepale kabla aibu haijamfikia, na ambaye baadaye anaiba pedi dukani. Ningempa Katie filamu nzima.

Capharnaüm ya Nadine Labaki (2018) inanisumbua zaidi. Mtoto wa Beirut anawashtaki wazazi wake kwa kosa la kumzaa. Ni wazo linalouza tiketi, na kwa muda mrefu filamu inakubaliana nalo: maskini wangezaa kidogo, mambo yangekuwa nafuu. Kinachoiokoa ni mama kusimama mahakamani na kumgeukia wakili, akimuuliza kwa haki gani anamhukumu, yeye ambaye hajawahi na hatawahi kuishi maisha yale. Wakili huyo anaigizwa na Labaki mwenyewe. Sijui kama alikusudia kujikemea hadharani, lakini amejikemea, na nikamwongezea alama.

Kuna filamu moja inayokivunja kipimo changu, na ni haki niitaje. Katika Pather Panchali ya Satyajit Ray, mwaka 1955, jirani anamtuhumu Durga, msichana wa familia fukara, kwamba ameiba mkufu wa shanga. Durga anakana, mama anaaibika, anampiga. Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba, kwa hiyo tunasimama upande wa mtoto bila kuuliza maswali. Baadaye Durga anaugua na kufa. Siku familia inafungasha kuhama, mdogo wake Apu anapapasa juu ya rafu, anashusha kifuu cha nazi, na ndani yake kuna buibui, na mkufu.

Thamani yake hatuambiwi, na mara hii sikutaka kuambiwa. Apu anautazama. Hamwiti baba, hamwiti mama. Anakimbia nje mpaka bwawani, anautupa. Majani yaliyotanda juu ya maji yanaachana, maji meusi yanaonekana, kisha majani yanaanza kurudi, polepole, na mtoto anasimama pale akiyatazama mpaka yafunge.